Mtoro, Mwasi au Msaliti? Somo Kutoka kwa Filamu Mbili

Muhula uliopita mlezi wa Chama chetu cha Kiswahili alitupa kazi iliyotutoa jasho. Alisema tutazame filamu za hali halisi kuhusu watu waliozikimbia serikali katili, kisha tuamue watu hao waitwe nani kwa Kiswahili. Tulidhani ni mchezo, kumbe! Mmoja alisema ni watoro, mwingine akasema wasaliti, mwingine wakimbizi, na darasa likageuka soko. Haya ndiyo niliyoyaokota katika ubishi huo.

Kwanza tuelewane. Filamu ya hali halisi si mchezo wa kuigiza. Unaowaona ndio wenyewe, na anayelia analia kweli. Hapo ndipo penye shida, kwa sababu anayetoroka hataki kuonekana, ilhali kazi ya kamera ni kuonyesha. Basi utampigaje picha mtu aliyejificha bila kumtia mashakani?

Filamu ya kwanza inaitwa The Tunnel, yaani handaki. Tarehe 13 Agosti 1961 serikali ya Ujerumani Mashariki ilifunga mpaka katikati ya mji wa Berlin, na ukuta ukaanza kujengwa. Watu wa nyumba moja wakajikuta katika dunia mbili. Mwaka uliofuata, wanafunzi wa chuo upande wa Magharibi walichimba handaki chini ya mtaa wa Bernauer Strasse, zaidi ya mita 120, maji yakiwavujia na askari wakitembea juu yao. Mnamo tarehe 14 na 15 Septemba 1962 watu 29 walipita humo. Kuna mahali mwanamke wa kwanza anatokeza kutoka gizani akitambaa. Gauni lake zuri limejaa tope na miguu haina viatu. Anapanda ngazi, na akikaribia juu nguvu zinamwishia. Mtoto wake mchanga analetwa nyuma yake. Darasani kimya kilitanda, hata wale wa viti vya nyuma ambao huwa hawanyamazi.

Lakini mlezi hakutuacha tukae na huruma tu. Alituuliza, "Nani alishika kamera, na nani alilipa?" Waama, kampuni ya televisheni ya Marekani, NBC, iliwapa wachimbaji fedha za kazi ile, nao wakaikubalia kupiga picha. Filamu ilikuwa ionyeshwe tarehe 31 Oktoba 1962, ikaahirishwa kwa sababu ya mzozo wa makombora ya Cuba. Wakubwa wa serikali ya Marekani nao hawakuifurahia. Ilionyeshwa tarehe 10 Desemba, na mwaka wa 1963 ikapata tuzo ya Emmy. Rafiki yangu alisema huko ni kuuza shida za watu. Mimi nilimpinga, na bado nampinga: udongo haukujali pesa zilitoka wapi, na wale 29 walivuka. Hata hivyo alinibana aliponiuliza kama jamaa waliobaki Mashariki waliombwa ruhusa. Sikuwa na jibu.

Filamu ya pili ni Beyond Utopia ya mwaka wa 2023, iliyoongozwa na Madeleine Gavin. Inafuata familia ya watu watano kutoka Korea Kaskazini: baba, mama, wasichana wawili wadogo na nyanya aliyepita miaka themanini. Walikimbia kwa kuwa jamaa zao walikuwa wametoroka kabla yao, na huko kosa la mmoja huadhibiwa ukoo. Walivuka mto Yalu wakaingia Uchina. Usidhani hapo walikuwa wamefika, maana Uchina huwarudisha watu kama hao. Ilibidi wapite Vietnam na Laos, wakatembea msituni usiku, kisha wakavuka mto Mekong kwa mashua hadi Thailand. Mchungaji Seungeun Kim wa Korea Kusini aliwapangia safari akitumia madalali, na madalali wale hawakufanya kazi kwa ajili ya Mungu. Humu hakuna kipande kilichoigizwa. Picha nyingi za safari zilipigwa kwa simu na wasafiri wenyewe na waliowaongoza, ndiyo maana zinatikisika. Mimi naona kutikisika huko kunaeleza mengi kuliko maneno ya msimulizi.

Kitu ambacho hakijanitoka akilini ni yule nyanya. Ameshatoroka, yuko mahali pa kujificha, na bado akiulizwa kuhusu Kim Jong Un anamsifu! Wengine walicheka. Mimi sikucheka. Miguu yake ilikuwa imetoka Korea Kaskazini lakini sifa alizofunzwa maisha yake yote alikuwa amezibeba mgongoni. Sasa huyo tumwite mwasi? Aliasi nini?

Tukarudi kwa maneno. Wakubwa wa Ujerumani Mashariki waliita kosa hilo kuitoroka jamhuri. Serikali ya Korea Kaskazini huwaita wasaliti. Korea Kusini mwaka wa 2005 wizara inayohusika ilitunga neno saeteomin, maana yake watu wa makao mapya, na wengi wa waliopewa jina hilo hawakulipenda. Kwetu, mtoro leo ni mwanafunzi anayeruka ua. Lakini katika karne ya 19 pwani yetu iliwaita watoro watumwa waliowakimbia mabwana zao, nao wakajenga vijiji vyao kama Fuladoyo, bara kidogo kutoka pwani ya Kilifi. Neno lilitoka kinywani mwa bwana, si mwa mtumwa. Kwa hivyo mimi nilipiga kura ya "mtoro", nikashindwa kwa kura nyingi. Wengi walichagua "mkimbizi".

Katika filamu hiyo hiyo yumo mama mmoja aliyetoroka miaka mingi iliyopita, anayejaribu kumtoa mwanawe. Anashinda kwenye simu akingoja habari kutoka kwa dalali. Habari zinakuja: kijana amekamatwa Uchina, amerudishwa, amepelekwa kambi ya wafungwa. Sisi hatumwoni akiwa huko, tunamwona mama yake tu, simu mkononi. Kijana huyo si mkimbizi, kwa maana hakufika. Tulimwuliza mlezi aitwe nani, naye akasema kengele ya kwenda nyumbani imelia, tulete majibu Ijumaa.