KAMYONETI YA ZAMANI: MALI YA JAMAA, HATARI YA JAMAA



Mwezi huu somo letu halitoki chini ya mgodi wala katika kiwanda. Linatoka katika lupango, pale ambapo kamyoneti ya zamani inalala chini ya mwembe. Kazini tunavaa kofia, viatu vya chuma na miwani. Lakini siku ya Mungu mtu yule yule anaingia chini ya motokari akiwa na kandambili miguuni, na mtoto wake anachungulia pembeni. Hatari haijui siku ya mapumziko.

Mimi mwenyewe nina kamyoneti ya namna hiyo, Peugeot 404 yenye bashi, niliyoachiwa na baba. Aina hiyo ya motokari ilitoka Ufaransa mwaka 1960. Katika Safari Rally ya Afrika ya Mashariki ilishika nafasi ya kwanza mara nne: mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, katika matope na mawe. Ndiyo sababu wazee wetu waliipenda. Inabeba mihogo, makala, mbao, hata jeneza la ndugu. Siwaambii muuze mali yenu. Nataka mjue namna ya kuishi nayo bila kuzika mtu.

1. MOSHI CHINI YA BASHI

Nianze na kosa langu. Siku moja ya posho tulitoka Lubumbashi kurudi Likasi, njia ya kilometa karibu 120. Mimi na mke wangu tulikaa mbele. Dada yangu mkubwa na watoto wanne walikaa nyuma. Kulikuwa baridi ya mwezi wa saba, basi tulifunga bashi mbele na pembeni, tukaacha nyuma wazi kidogo. Katikati ya njia dada aligonga kioo. Mtoto mmoja alikuwa anatapika, wawili walilala usingizi mzito, na dada mwenyewe kichwa kilimwuma sana. Nilisema: ni malaria, au ni chakula cha matanga.

Nilipowashusha na kuwakalisha kwenye hewa, nilijiuliza swali ambalo ningepaswa kujiuliza mapema: malaria gani inashika watu watano kwa saa moja, na kuwaacha wawili waliokaa mbele? Wote tulikula sahani moja. Kilichotutenga ni bashi tu. Nilitazama bomba la moshi, nikaona limetoboka karibu na kiungo, na bati la sakafu ya nyuma lina matundu ya kutu. Wote walipona, Mungu asifiwe. Kama dada angelala naye, nani angegonga kioo?

Sumu iliyo katika moshi huo inaitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Harufu mnayosikia ni ya vitu vingine vya moshi. Sumu yenyewe hamuioni. Katika damu yetu kuna kitu chekundu kinachobeba hewa safi mwilini. Sumu hii inashikamana na kitu hicho kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko hewa safi. Basi mtu anapumua vizuri, kifua kinapanda na kushuka, lakini mwili unakosa hewa. Mtoto anaumia mapema kwa sababu anapumua haraka kuliko mkubwa. Mama mwenye mimba aogope mara mbili, maana mtoto wa tumboni anaumia pia.

Kwa nini moshi unaingia nyuma wakati motokari inakwenda mbele? Kwa sababu motokari inapokimbia inaacha nafasi ya hewa kidogo nyuma yake, na hewa ya pembeni inarudi kuijaza. Inarudi pamoja na moshi, inaingia chini ya bashi, na haina mahali pa kutokea.

Dalili: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea, usingizi. Mkiona watu wawili au watatu wanalalamika vile vile kwa wakati mmoja, msingoje. Simamisha motokari, zima moto, toa wote kwenye hewa. Aliyezimia lakini anapumua, mlaze kwa ubavu. Asiyepumua, mpulizieni pumzi na kumkandamiza kifua kama tulivyofundishwa kazini. Kisha hospitali, hata kama anasema amepona. Huko watampa oksijeni. Mwambieni munganga wazi: «walikuwa katika moshi wa motokari.» Msipomwambia, yeye pia anaweza kufikiri malaria.

Namna ya kupima bomba: motokari iwe nje, bomba likiwa bado baridi. Washa moto. Mtu mwenye kinga za mikono aweke kitambaa kinene kwenye mdomo wa bomba kwa sekunde chache tu. Ukisikia «sss» mahali pengine, hapo pametoboka. Bomba lifike nje kabisa ya bodi. Ziba matundu ya sakafu. Na tangu siku ile, nyuma ya kamyoneti yangu wanapanda mihogo na makala, si watu. Mtu aliye nyuma hana mkanda wala kiti. Hata bila moshi, freni moja ya ghafula inamtupa barabarani.

2. KIRIKI SI NGUZO

Ninyi mnaofanya kazi chini mnajua sheria: hakuna anayeingia chini ya mwamba usioshikiliwa. Motokari iliyoinuliwa kwa kiriki ni mwamba usioshikiliwa. Kiriki ni ya kuinua, si ya kushikilia. Weka motokari mahali pa sawa na pagumu, zuia magurudumu yanayobaki chini, inua, kisha weka vishikilio vya chuma au magogo mapana ya mti mgumu. Usiweke matofali ya saruji: yanapasuka bila kuonya. Isukume motokari kwa mkono kwanza. Ikitikisika, usiingie. Na usifanye kazi hiyo peke yako. Mtu mmoja awe karibu wa kusikia sauti yako.

3. FRENI, NA VUMBI LAKE

Katika motokari nyingi za miaka ile freni zote nne zinatumia njia moja tu ya mafuta. Mpira mmoja ukipasuka, freni zote zimekwenda. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kuondoka, tazama kimo cha mafuta ya freni na tazama ndani ya magurudumu kama pamelowa. Kanyaga: pedali ikishuka pole pole mpaka chini, au ikiwa laini kama sponji, usiondoke. Mafuta ya freni yanakunywa maji ya hewani. Yabadilishe kila miaka 2. Mkishuka mlima mrefu na mzigo, tieni vitesi ndogo, injini isaidie, maana freni yenye joto kali inaacha kushika.

Sasa vumbi. Viatu vya zamani vya freni na vya ambreaji vilitengenezwa na amianti. Mkifungua ngoma ya freni mtaona vumbi la kijivu. Makanika wengi wanalipuliza kwa mdomo au kwa hewa ya kompresa. Ndugu, msifanye hivyo! Nyuzi za amianti hazionekani kwa macho, zinaingia ndani ya mapafu na hazitoki. Ugonjwa wake, hata kansa, unaweza kungoja miaka 20, 30 au zaidi. Mnajua kwa nini tunatoboa mwamba kwa maji: ili vumbi lisiruke. Fanyeni vile vile. Lowesheni kwa maji yenye sabuni, panguseni na kitambaa kilicholowa, tieni kitambaa hicho ndani ya mfuko na kufunga. Nguo za kazi hiyo mama asizikung'ute; zifuliwe peke yake. Mkinunua viatu vipya, ulizeni visivyo na amianti.

4. MAMBO YA HARAKA

Rediatere: usifungue kifuniko injini ikiwa moto. Aliyeungua, mmwagilieni maji safi ya baridi dakika 20. Dawa ya meno, mafuta na yai havitibu.

Esanse: usivute kwa mdomo. Tone dogo likiingia mapafuni linaleta ugonjwa mkali. Aliyemeza asitapishwe, apelekwe hospitali. Na usitie esanse katika chupa ya limonadi. Mtoto anajua chupa, hajui kilichomo.

Batri: inapojazwa inatoa hewa inayolipuka, sigara iwe mbali. Ukifungua, anza na waya unaokwenda kwenye bodi. Asidi ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi bila kungoja. Batri iliyokufa isiyeyushwe nyumbani. Risasi yake inaharibu akili ya watoto.

Mipira: tarakimu nne za mwisho pembeni zinaonyesha juma na mwaka. 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Mpira wenye nyufa, hata kama una meno, ni mzee.

Ponti ya nyuma ya 404: ndani kuna parafujo na gurudumu la shaba nyeusi, yaani shaba yetu iliyochanganywa na bati. Iliundwa itumie mafuta ya mbarika. Msichanganye na mafuta ya kawaida. Hayapatani, na ponti ikikwama njiani magurudumu yanafunga.

MAULIZO YA NYUMBANI

1. Watu watatu nyuma ya kamyoneti wanaumwa kichwa pamoja. Utafanya nini kwanza?
2. Kwa nini harufu haitoshi kutuonya?
3. Kiriki kinafanya kazi gani, na hakifanyi kazi gani?
4. Vumbi la freni linaondolewa kwa nini, na haliondolewi kwa nini?
5. Soma tarakimu za mipira ya motokari yenu. Ina miaka mingapi?

Baba aulize, watoto wajibu, mama asahihishe. Na kabla ya safari yenu ijayo, toeni watu chini ya bashi. Mahali mbele pasipotosha, waende kwa basi. Nauli ya basi si kubwa kuliko mtoto.