SOMO LA ROBO HII: Miguu Kifundo Hunyooshwa kwa Upole



Mtoto akizaliwa nyayo zake zimepinda kuelekea ndani, yaani miguu kifundo, bado wapo wanaouliza mama amekosa nini. Swali hilo ni la zamani. Katika Yohana sura ya 9, wanafunzi walimwuliza Yesu swali kama hilo kuhusu kipofu, naye akalikataa. Nasi tulikatae. Hali hii si laana.

Matibabu yake yana historia ndefu. Yapata miaka 2,400 iliyopita, maandishi ya tabibu Mgiriki Hippocrates yalishauri mguu unyooshwe mapema, taratibu, kwa mikono na vitambaa. Baadaye wengi walitumia nguvu, na katika karne ya 20 upasuaji mkubwa ukazoeleka.

Miaka ya 1940, Dkt. Ignacio Ponseti, Mhispania aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, aliwachunguza watu waliopasuliwa utotoni. Aliona miguu migumu, dhaifu na yenye maumivu. Ndipo akaandaa njia nyingine: mguu hunyooshwa kidogo kwa mkono, hufungwa plasta ngumu hadi pajani, na plasta hubadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara 5 au 6. Watoto wengi hukatwa pia kano ya kisigino kwa kitobo kidogo, nayo hujiunga tena. Alichapisha matokeo yake mwaka 1963, lakini njia hiyo ilikubalika kwa wengi kuanzia miaka ya 1990. Leo inatumika pia Tanzania, Kenya, Uganda na Malawi.

Hata hivyo, plasta zikitolewa kazi haijaisha. Mtoto huvaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa upau, saa 23 kwa siku kwa miezi 3, kisha wakati wa kulala hadi afikie miaka 4 hivi. Vikiachwa mapema, mara nyingi mguu hupinda tena. Mzazi anaona mguu umenyooka, nauli imekwisha, mtoto analia usiku. Viatu vinawekwa kando.

Hapo ndipo parokia inahitajika. Kwa mfadhili, nauli ya kliniki ni msaada sawa na plasta yenyewe. Kwa kamati, kumtembelea mama mwaka wa pili na wa tatu ni sehemu ya tiba.

Maswali ya kujadili:
1. Je, tunawajua watoto wenye miguu kifundo katika jumuiya zetu?
2. Nani atawafuatilia hadi wamalize kuvaa viatu?
3. Tutamjibu nini anayemlaumu mama?