Usinunue Picha

Somo la wiki: Mwanzo 3:1–7, 1 Yohana 2:15–17



Wazee wetu mnaikumbuka sigara ya Sportsman. Jina hilo maana yake ni mwanamichezo. Sasa jiulize, mchezaji gani anahitaji moshi kwa mapafu? Miaka ya 1980 hata Safari Rally yetu ilibeba jina la Marlboro. Gari linapita na vumbi lake, watu wanashangilia, na sigara inaonekana ni kitu cha mashujaa.

Kwa masomo ya biashara tulifundishwa hivi: mtu hanunui kitu tu, ananunua vile anataka kuonekana. Huko Marekani, miaka ya 1920, Marlboro ilitangazwa kama sigara ya akina mama. Miaka ya 1950 wakabadilisha picha, wakaweka mchunga ng'ombe mwenye kofia, na wanaume wakaikimbilia. Mmoja wa waigizaji wa matangazo hayo, David McLean, alikufa mwaka 1995 kwa saratani ya mapafu. Hiyo haikuwekwa kwa bango.

Mkulima wa tumbaku kule Malakisi, Bungoma, yeye haoni shujaa. Anaona jani, anaona kazi ya kulikausha, anangoja malipo.

Nyoka pale Edeni alifanya biashara hiyo hiyo. Hakumuuzia Hawa tunda, alimuuzia kuwa kama Mungu. Naye Yohana anatuonya juu ya mwili, macho na majivuno. Hiyo ndiyo milango mitatu ambayo tangazo hupitia.

Sheria ya mwaka 2007 ilipiga marufuku matangazo ya tumbaku Kenya. Mabango yakaondoka, tamaa ikabaki. Leo kijana wa boda hapa Kipsongo anaonyeshwa kwa simu mtu wa rika lake aliyeshinda bet. Anaweka pesa ya mafuta, kesho pikipiki imesimama na watoto hawajala. Hakuuziwa mchezo, aliuziwa heshima.

Kijana, heshima yako haiuzwi dukani. Ulipewa na Mungu alipokuumba kwa mfano wake.

Na mwenye ameshikwa na sigara ama bet, tusimcheke. Tumwombee, kisha tumsindikize hospitali apate msaada.

Kazi ya nyumbani: Chagua tangazo moja uliloona wiki hii, mlijadili na watoto.
1. Kinachouzwa ni nini?
2. Picha inaahidi nini?
3. Ni nani atalipa, na atalipa na nini?

Mungu awabariki.