Usingizi wa Mtoto wa Mitaani

Baada ya Misa ya Jumapili mjini tunawakuta watoto wamelala kwenye baraza za maduka jua likiwaka. Watu husema, "Wavivu hawa." Lakini usiku hawakulala. Usiku hupita mlinzi mwenye fimbo, mlevi, na wavulana wakubwa wanaopora na kudhulumu. Hivyo wadogo hujikunja pamoja, mmoja akikesha kwa zamu, na usingizi hulipwa mchana.

Mtu akiogopa, mwili hutoa homoni zinazoufanya moyo upige mbio na misuli ikaze. Hiyo ni kinga nzuri kwa dakika chache za hatari. Hofu ikiwa ya kila usiku, mtoto hukasirika upesi, hushtuka akiguswa, husahau, huota ndoto za kutisha. Anaumwa tumbo au kichwa, na zahanati haioni ugonjwa.

Kundi lake ndilo ngao yake: hugawana chakula na kumwuguza mgonjwa. Ngao nyingine ni gundi ya fundi viatu. Mvuke wake, wenye toluini, hufika ubongoni upesi sana, na kwa muda mfupi njaa, baridi na hofu hupungua. Kwake hiyo ni dawa. Kumbe huharibu ubongo na figo, na yaweza kuusimamisha moyo ghafla. Hata hivyo, kumpokonya chupa bila kumpa mahali salama pa kulala ni kumrudishia hofu yake yote.

Tuanze kwa kumsalimu kwa jina, wiki hadi wiki. Tusimhoji habari za wazazi siku ya kwanza, wala tusiahidi tusichoweza. (Wengine, tukumbuke, jioni hurudi kwao, mitaani wanatafuta riziki tu.)

Familia inayompokea mtoto ijue kwamba huenda akakojoa kitandani hata akiwa na miaka kumi na miwili. Weka nailoni juu ya godoro, badilisha shuka kimya kimya, usimtangaze. Akificha mkate chini ya mto, mwachie. Akiomba taa isizimwe, isizimwe.

Lakini usimchukue kimya kimya. Mwone kwanza afisa ustawi wa jamii, ambaye ana wajibu chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, au piga 116, simu ya watoto isiyolipiwa hapa Tanzania. Mtoto anayesema anataka kufa, au anayejikatakata, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake njiani.