Mate, Makohozi na Kikopo cha Mjomba

Wanachuo wenzangu, nilipoitaja mada hii bwenini kwa mara ya kwanza watu walicheka. Eti mtu wa Elimu anaandika kuhusu kutema mate! Sawa, chekeni. Lakini mimi nimekaa wiki nane nyumba moja na mtu anayekohoa, na nusu ya wiki hizo tulizimaliza kugombania mahali anapotema, wakati hatari ilikuwa kwingine kabisa.

Mwaka jana mazoezi ya kufundisha niliyafanya nyumbani, Issuna, wilaya ya Ikungi, mkoa wa Singida. Kama umewahi kupita barabara ya Manyoni kwenda Singida umeshapita kwetu, labda ukiwa umelala. Nilikuwa nafundisha Baiolojia kidato cha pili, na jioni narudi kulala kwa bibi mzaa mama. Siku ya somo la magonjwa ya kuambukiza niliandika ubaoni: epuka kutema mate ovyo. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, na bibi akikutemea mate ya baraka je, anakuambukiza?" Darasa zima likaangua kicheko. Nikawaambia tutalirudia kesho, maana yake sikuwa na jibu. Walimu watarajiwa mnaijua mbinu hii.

Usiku sikulala vizuri, kwa sababu bibi yangu mwenyewe hufanya hivyo. Ukiwa unasafiri anakushika viganja, anasema maneno yake kwa Kinyaturu, anatema kidogo, sauti nyingi kuliko mate, halafu anakufumba vidole. Tangu nasoma shule ya msingi sijawahi kuondoka bila hiyo. Na siyo kwetu tu. Wazee wa Kikuyu kule Kenya huwatemea watu kifuani au viganjani wakiwaombea heri. Kwa Wamasai jambo hili lilimshangaza hadi Mskoti Joseph Thomson, aliyepita katika nchi yao mwaka 1883 na 1884. Aliandika kwamba mate kwao ni ishara ya kumtakia mtu mema, na kwa kuwa walimdhania mganga, watu walikuwa wanamfuata awatemee. Lakini mtemee mtu huyohuyo usoni kwa hasira uone kitakachotokea.

Halafu kuna mate mengine ya kila siku. Mama mjamzito anatembea na kikopo chake na hakuna anayemwuliza. Wazee wa ugoro wanatema pembeni ya kigoda, maongezi yanaendelea. Mwezi wa Ramadhani utamwona mtu anatema tangu alfajiri mpaka magharibi akiogopa kuharibu funga, ingawa mashehe wanafundisha kwamba kumeza mate yako mwenyewe hakubatilishi kitu. Sasa ukibandika tangazo "USITEME MATE HAPA", unazungumza na nani kati ya hawa wote?

Lile katazo nililoandika ubaoni lina historia yake. Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, Robert Koch alitangaza kwamba amekipata kimelea kinacholeta kifua kikuu. Bakteria hao walionekana wazi kwenye makohozi ya wagonjwa, basi watu wakahofia makohozi yakikauka chini yanageuka vumbi, na vumbi hilo tunalivuta. Mwaka 1896 jiji la New York likapiga marufuku kutema mate hadharani, na miji mingine ikafuata. Hofu hiyo ndiyo iliyosafiri mpaka kwenye vitabu vyetu vya shule.

Ila sayansi haikuishia hapo. Katika miaka ya 1950, kule Baltimore, Marekani, Richard Riley na wenzake waliichukua hewa iliyotoka kwenye wodi ya wagonjwa wa kifua kikuu wakaipeleka juu ya paa, walikofugwa wanyama wadogo wa maabara. Wanyama wale hawakukanyaga wodini wala kugusa makohozi ya mtu. Walivuta hewa tu, na baadhi wakaambukizwa. Mgonjwa anapokohoa, kupiga chafya, kuimba, hata kuongea, anarusha vitone vidogo mno visivyoanguka chini haraka, vinaelea. Hata ule mshindo wa kutema unaweza kurusha vitone. Lakini kilichokwisha kuanguka ardhini, kikapigwa na jua la Singida, si njia kuu ya ugonjwa huu. Njia kuu ni hewa ya chumba kilichofungwa.

Sisemi sasa tuteme kila mahali. Makohozi yanavutia inzi, mtu anakanyaga, na kwa kweli inatia kinyaa. Nazungumzia tu mahali pa kuweka hofu yetu.

Narudi kwa mjomba. Mkoa wetu una machimbo ya dhahabu, Londoni kule Manyoni, Mang'onyi hapa Ikungi, na vijana wengi wanakwenda kujaribu bahati. Mjomba alikuwa mchimbaji mdogo miaka minne, sitataja wapi. Kuponda mawe kunatoa vumbi la silika, na vumbi hilo likikaa kwenye mapafu linayadhoofisha na kumrahisishia kazi bakteria wa kifua kikuu. Alirudi amekonda, anakohoa zaidi ya mwezi. Mimi, msomi wa familia, nikamshika kwa mate: mjomba usiteme hapa, mjomba fukia, mjomba watoto wanacheza. Akanisikiliza. Mtu mzima akaanza kuona aibu, akawa anakohoa na kumeza. Usiku analala na wajukuu wawili wa bibi kwenye tembe lisilo na dirisha, mlango umefungwa kwa sababu ya upepo. Nami nikaridhika kwamba uwanja sasa ni msafi!

Tulipompeleka zahanati alipewa kikopo na kuambiwa alete makohozi. Hakuna aliyemweleza zaidi ya hapo. Alirudi nyumbani, akaona haya kukohoa mbele ya mama yake, akatema mate meupe tu, mepesi kama maji, akafunga. Majibu yakaja: hakuna kitu. Tukafurahi, bibi akachinja kuku. Wiki mbili baadaye mjomba akatoa damu.

Nataka jambo hili mlielewe, hasa mtakaokwenda kufundisha vijijini. Mate yanatoka mdomoni. Makohozi yanatoka kifuani, mazito, na hayaji bila kuvuta pumzi ndefu mara kadhaa na kukohoa kwa nguvu. Sampuli nzuri ni ya asubuhi, mtu akiamka tu, na inatolewa nje penye hewa, mbali na watu. Ukimpa mpimaji mate, hata mashine iwe nzuri namna gani inaweza kukosa ugonjwa uliopo. Na mtu uliyemfundisha kwamba kutema ni uchafu ndiye atakayekuletea mate.

Mara ya pili nilikwenda naye mwenyewe. Alfajiri, nyuma ya zizi, mimi nimesimama mbali nimempa mgongo, yeye anahangaika. "Mpwa wangu, si ulisema ni vibaya?" Nikamwambia, "Mjomba, nilikosea. Toa yote." Majibu safari hii yalikuwa na bakteria, akaanza dozi ya miezi sita, bila malipo.

Jambo la ajabu ni kwamba nchi yetu imeifundisha dunia kitu kuhusu makohozi haya. Mwaka 1977 ulianza Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, na Karel Styblo, daktari mzaliwa wa Czechoslovakia, akishirikiana na wataalamu wa Tanzania, alionyesha kwamba hata nchi maskini inaweza kuwapata wagonjwa kwa kupima makohozi kwa hadubini na kuwafuatilia mpaka wamalize dawa. Mfumo huo ndio Shirika la Afya Duniani liliousambaza kote katika miaka ya 1990. Na pale Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO linafunza panya buku kunusa makohozi. Panya mmoja anapitia sampuli 100 kwa dakika 20 hivi. Mjomba nilipomsimulia hakuamini.

Yule binti nilimjibu, kwa kuchelewa wiki nzima. Nilimwambia bibi asiyekohoa, anayekubariki nje uwanjani, hana la kukuambukiza kifua kikuu. Bibi anayekohoa zaidi ya wiki mbili apelekwe kupimwa kwanza, baraka zitasubiri. Kisha nikafuta mfano wangu wa ubaoni na tukachora chumba chenye dirisha na kisicho na dirisha, vitone vinaelekea wapi. Kipindi kikaisha hatujamaliza.

Mjomba dozi ameimaliza. Watoto wawili walichunguzwa, wakapewa dawa za kinga. Dirisha la tembe alilitoboa mwenyewe, mwezi wa tatu wa matibabu, kwa sururu aliyorudi nayo machimboni. Ni dogo, limekaa upande upande, na bibi analalamika kila nikipiga simu kwamba linaingiza vumbi.