Mas'ala ya Pambo la Mke Mwenye Mimba

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya haya: somo hili ni katika yale yampasayo mume kuyajua juu ya mkewe awapo na mimba, nayo ni habari ya vitu vya kujisafisha na kujipamba: mafuta ya mwili, wanja, hina, piko, na dawa za uso ziuzwazo madukani. Watu wengi wadhani kuwa haya ni mambo ya wanawake peke yao, na kwamba mwanamume kuyauliza ni upungufu wa heshima yake. Wanavyuoni hawakudhani hivyo, na ndiyo sababu wakayaandika vitabuni.

Katika mlango wa nafaqa wa Minhaji ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, vitu hivi vimewekwa mafungu mawili. La kwanza ni vya usafi: kitana, mafuta, kitu cha kuoshea kichwa, na kitu cha kuondoa harufu ya kwapa. Hivyo ni haki ya mke juu ya mumewe. La pili ni pambo: wanja, kupaka rangi, na mfano wa hayo. Hili si wajibu juu ya mume. Akipenda mkewe ajipambe, basi na amletee, na akimletea yampasa mke alitumie. Na hapo ndipo lilipo shina la mas'ala yetu. Pambo limewekwa katika hiari ya mume, na mke ameamrishwa kulitumia akiletewa. Basi lililomo ndani ya kopo, likiwa lamdhuru mke au mwana aliye tumboni, dhima yake yaanzia kwa aliyelileta au aliyelitaka.

Tena na litazamwe jambo jingine. Saumu ya Ramadhani ni nguzo katika nguzo tano. Pamoja na hayo, mwenye mimba akimwogopea mwana wake ana ruhusa ya kula. Atalipa siku zake na kutoa kibaba cha chakula kwa kila siku, kama ilivyo katika madhehebu ya Imamu Shafii. Na katika Sahihi ya Imamu Muslim imepokewa kwamba mwanamke wa kabila la Ghamid alikuja kuungama zinaa ali na mimba, na Mtume (S.A.W.) asimtimizie adhabu mpaka azae na amwachishe mwana ziwa. Ikiwa nguzo ya dini hungoja, na haddi ya Mwenyezi Mungu hungoja, kwa ajili ya mwana asiyezaliwa bado, haliwezi pambo la uso kukataa kungoja miezi tisa.

Sasa na itajwe hatari yenyewe, maana si kila kitu ni sumu, na kuwatisha watu kwa kila kitu ni kuwafanya wasiogope chochote.

Ovu kuliko yote ni mafuta ya kujichubua, yale yaitwayo mkorogo. Sababu ya wengi kuyaingia wakati wa mimba ni hii: mwanamke apatapo mimba huenda uso ukamfanya mabaka meusi mashavuni, katika paji la uso na juu ya mdomo. Yaletwa na homoni za mimba zikikutana na jua, na kwa walio wengi hufifia miezi michache baada ya kuzaa. Lakini mume akimwambia mkewe kwamba uso wake umeharibika, au akamsifia mbele yake weupe wa mwanamke mwingine, mke atakwenda dukani siku ya pili. Na atakayopewa huenda yana zebaki ndani yake. Zebaki hupenya ngozi ikaingia damuni, ikadhuru figo, na hupita kondo la nyuma ikamfikia mwana. Wala haibaki kwa aliyejipaka tu: hutoa mvuke usioonekana, ikashika mataulo na foronya, na watoto wengine wa nyumba hiyo wakaivuta. Kwa ajili ya madhara haya mataifa mengi yalifanya mkataba mwaka 2013, uitwao mkataba wa Minamata kwa jina la mji wa Japani ambao watu wake waliangamia kwa zebaki iliyomwagwa baharini. Na mwaka 2023 walikubaliana kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki viondolewe ifikapo mwaka 2025. Serikali za Kenya na Tanzania nazo zimeyakataza mafuta hayo, walakini yangali yakiuzwa kwa siri na kwa dhahiri.

Mume ataitambuaje? Kopo lisiloandikwa vilivyomo ndani yake lisinunuliwe kabisa. Likiwa limeandikwa, na litafutwe neno la zebaki kwa lugha yoyote, au kalomeli, ambayo ni chumvi ya zebaki. Na likiwa na onyo kwamba dawa hiyo isigusane na dhahabu, fedha au alumini, basi hiyo ni dalili kubwa, kwa kuwa zebaki huharibu madini hayo. Ni ajabu mtu kuvua pete na bangili asije akaziharibu, kisha akaipaka dawa hiyo juu ya ngozi iliyobeba mwana.

Katika mafuta hayo hayo huwamo pia haidrokwinoni, ambayo hupenya ngozi kwa wingi, na kwa hiyo matabibu humzuia mja mzito asiitumie. Huwamo na dawa kali za jamii ya steroidi, ambazo zikipakwa kwa wingi katika mimba huambatana na mwana kuzaliwa na uzito mdogo. Na dawa za chunusi na makunyanzi zitengenezwazo kwa vitamini A, ziitwazo retinoidi, ziachwe. Vidonge vyake vilivyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1982 vimejulikana yakini kuharibu kichwa, uso na moyo wa mwana. Yale ya kupaka huingia mwilini kidogo sana kuliko vidonge, lakini matabibu hawaoni haja ya kujaribu, na rai yao ni nzuri.

La pili ni wanja. Na hapa msemaji atasema: Vipi wanja ukatazwe, na Mtume (S.A.W.) alijipaka ithmidi na kuisifu? Ataambiwa: Iliyosifiwa ni ithmidi, si kila kitu cheusi kiitwacho kwa jina lake. Ithmidi ijulikanayo na wenye elimu ya madini ni jiwe la antimoni. Wataalamu walipoupima wanja uuzwao katika masoko ya Omani na Misri walikuta baadhi yake ni galena, yaani jiwe la risasi. Mawe haya mawili yote ni mazito, yote yang'aa, na yakisagwa hakuna jicho liwezalo kuyapambanua, wala harufu, wala maneno ya muuzaji kwamba umetoka Makka. Basi kumkataza mja mzito wanja wa risasi si kuikataza sunna. Ni kukataa kuipa risasi jina la sunna.

Na risasi ina jambo linalopasa kufahamiwa vyema. Haina kadiri ndogo ijulikanayo kuwa ni salama. Iingiapo mwilini, kwa jicho au kwa kidole kilichoshika wanja kikagusa chakula, hukaa katika mifupa miaka mingi. Mama akipata mimba, mwili wake huchota kalsiamu ya mifupa ili kumjengea mwana mifupa yake, na risasi hutoka pamoja nayo. Hivyo wanja wa miaka kumi iliyopita waweza kumfikia mwana wa leo, ukadhuru akili yake kabla hajalia kilio cha kwanza. Kwa hiyo mume asingoje mimba ndipo auondoe. Na ikiwa mimba imekwisha kuingia, auondoe siku hiyo, amletee mkewe maziwa na dagaa ili mwili upate kalsiamu pasipo kuichota mifupani, na amweleze tabibu, kwani damu hupimwa. Mtoto akizaliwa asipakwe wanja huo machoni wala usoni, hata bibi zake wakikasirika.

Katika habari ya kwapa, wanafunzi wa Minhaji watakumbuka kwamba Imamu Nawawi alitaja martaki kuwa dawa ya harufu. Martaki ni unga wa risasi. Mwaka 2003 serikali ya Marekani ilitoa onyo juu ya unga huo huo, uliokuwa ukipakwa makwapani na watu wenye asili ya Jamhuri ya Dominika, baada ya watoto kuonekana na risasi damuni. Je, yampasa mume aununue kwa kuwa umetajwa? Hapana. Imamu alitaja martaki na mfano wake, na makusudio ni kuondoa harufu. Shabu na sabuni huiondoa pasipo sumu, na haki ya mke imetimia kwa hivyo. Asomaye kitabu akashika jina la dawa na akaacha sababu yake, hakukisoma.

Hina ya majani makavu yaliyosagwa, ikivurugwa kwa maji na ndimu, mja mzito ajipake miguu na mikono bila ya hofu. Piko ni mbali na hina. Weusi wake watoka katika rangi ya viwandani iunguzayo ngozi ya baadhi ya watu ikafanya malengelenge, na aliyekwisha kudhurika nayo mara moja aweza kudhurika nayo maisha yake yote. Haikuthibiti kwamba yamfikia mwana, wala haifai kusemwa lisilothibiti. Lakini mja mzito aliyeungua ni mgonjwa ambaye dawa zake ni chache, na hiyo yatosha kuwa sababu ya kuiacha.

Mafuta ya nazi, liwa safi iliyosuguliwa jiweni nyumbani, mrashi na asumini hayana neno. Udi na ubani vifukizwe dirisha li wazi, na mja mzito asiinamie chetezo. Na dawa ya mabaka ya uso ni kivuli: ukaya, mwavuli, au mafuta ya kukinga jua yaliyotengenezwa kwa zinki.

Mas'ala: Mume akimwamrisha mkewe mwenye mimba ajichubue, je, yampasa kumtii? Jawabu: Haimpasi. Mwenyezi Mungu katika aya ya 195 ya Suratul Baqara amekataza watu wasijitie katika maangamizo kwa mikono yao, na kiumbe hatiiwi katika kumuasi Muumba. Wala mke haandikwi nashiza kwa kukataa, na nafaqa yake haikatiki hata siku moja.

Mas'ala: Mafuta yaliyomo nyumbani yafanywe nini? Jawabu: Kopo lifungwe imara, litiwe ndani ya mfuko na kufungwa tena, lipelekwe kwa maofisa wa afya. Lisichomwe moto, kwa kuwa mvuke wa zebaki ni mbaya kuliko mafuta yenyewe, wala lisitupwe kisimani au pwani. Taulo na foronya zilizotumika ziwekwe mbali na watoto, zitolewe pamoja na kopo.

Mas'ala: Mwenye duka aliyeyauza, nini hukumu ya fedha alizopokea? Jawabu: Katika sharti za kuuza ni kitu kuwa na manufaa yakubaliwayo na sheria, na wanavyuoni wamesema kuwa sumu isiyo na manufaa kwa uchache wala kwa wingi haiuziki. Hukumu iliyo karibu na kaida hiyo ni kwamba biashara ya mafuta ya zebaki ni batili tangu asili, na fedha ni za mnunuzi. Wala mwenye duka hana hoja kwa kusema kopo limekwisha kufunguliwa na nusu yake kutumika. Hoja hiyo husikilizwa katika bidhaa iliyouzwa kwa sahihi kisha ikaonekana ina ila, na hii haikuuzwa kwa sahihi. Akiwa alijua yaliyomo akayaficha, dhambi ya ghashi i juu yake mbali na deni hilo, kama mtu wa soko la Madina aliyeficha chakula kilicholowa chini ya kikavu, Mtume (S.A.W.) akatia mkono wake akaukuta unyevu. Na akiwa hakujua, arejeshe fedha, ayatoe yaliyobaki dukani, na awaambie waliokwisha kuyanunua, mmoja mmoja kwa kadiri awajuavyo. Wallahu aalam.