Kuchagua Waya wa Kuunganisha Kompyuta na Skrini

Mlaji anaponunua skrini ya kompyuta hulinganisha bei na ukubwa kwa makini, lakini waya huununua kwa kukisia. Afikapo nyumbani hukuta waya hauingii, au umeingia na picha haionekani, naye hudhani kuwa skrini ni mbovu. Somo hili linakusudia kumwepusha na hasara hiyo.

1. Kagua matundu kwanza
Kabla ya kwenda dukani, tazama tundu la kompyuta na la skrini, kisha uyapige picha kwa simu. Yaliyozoeleka ni haya:

(a) VGA: pana, aghalabu la buluu, lenye vishimo 15 katika safu 3. Ni mfumo wa mwaka 1987. Hupitisha picha bila sauti.
(b) HDMI: bapa, kona zake mbili za chini zimekatwa. Hupitisha picha na sauti.
(c) DisplayPort: hufanana na HDMI, ila kona moja tu ndiyo iliyokatwa. Nalo hupitisha picha na sauti.
(d) USB-C: dogo, lenye ncha za mviringo, kichwa cha waya huingia hata kikipinduliwa.

Iwapo kompyuta na skrini zina tundu la aina moja, nunua waya wa aina hiyo.

2. Matundu yasipofanana
Nyaya nyingi zenye vichwa viwili tofauti hupeleka picha upande mmoja tu. Waya wa kawaida wa DisplayPort na HDMI hutoa picha kwenye kompyuta yenye DisplayPort na kuipeleka kwenye skrini yenye HDMI. Kinyume chake haufanyi kazi. Kompyuta yenye HDMI pekee haiunganishwi na skrini ya VGA kwa waya mtupu. Huhitaji kigeuzi, kwa kuwa HDMI ni ya kidijitali na VGA ni ya analogi. Aidha, si kila tundu la USB-C hutoa picha, na nyaya nyingi za kuchajia simu hazipitishi picha. Soma maelezo ya kompyuta yako kabla ya kununua.

3. Usilipie usichokihitaji
Kwa skrini ya nukta 1920 kwa 1080, waya wa HDMI ulioandikwa “High Speed” unatosha. Kwa skrini ya 4K inayoonyesha picha 60 kwa sekunde, tafuta ulioandikwa “Premium High Speed”. Kwa umbali wa mita 2, waya mzima unaokidhi kiwango hicho hutoa picha ileile, uwe na vichwa vya dhahabu au usiwe navyo.

4. Linda haki yako
Mweleze muuzaji vifaa ulivyo navyo, omba waya ujaribiwe mbele yako, na udai risiti inayotaja aina yake. Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Risiti ndiyo ushahidi wako. Kabla ya kurudisha skrini, hakikisha kwamba menyu yake imechagua tundu unalolitumia, kisha jaribu waya mwingine.

Zoezi
Kompyuta yako ina HDMI na skrini ina DisplayPort pekee. Je, waya wa kawaida wenye vichwa hivyo viwili utafaa? Toa sababu.